Barua ya tabia kwa kesi ya uhamiaji: umwombe mwajiri, kiongozi wa dini, jirani au ndugu?

Wakili amekuambia ulete barua tatu kutoka kwa watu wanaokufahamu. Hakusema watu gani. Sasa umeketi na simu mkononi unapitia majina: msimamizi wako kazini, mchungaji au imamu, mama wa mlango wa pili ambaye huwachukua wanao shuleni siku unapochelewa, dada yako. Ukiwaomba, wote watakubali. Ila ukikosea kuchagua, utapeleka kurasa tatu zinazosema jambo lile lile, na anayesoma jalada lako hatakuwa amejua lolote jipya kukuhusu.

Nimesoma na kutafsiri barua nyingi za namna hii kabla hazijapelekwa, na kosa ninalolikuta kuliko yote ni mwombaji kuchagua mwandishi kwa ukubwa wa cheo. Anamfuata mheshimiwa aliyewahi kumpa mkono kwenye hafla mbili, anamwacha mtu aliyemwona kila siku kwa miaka sita. Mheshimiwa anaandika aya mbili za sifa kwa sababu hana la zaidi. Yule mwingine angejaza kurasa mbili, na kila aya ikawa na tukio na mwezi wake. Ofisa wa uhamiaji, au jaji, anaipima barua kama ushahidi mwingine wowote: huyu amejuaje haya anayoyasema?

Mifano ya sheria iliyomo humu ni ya Marekani, na michache ya Uingereza. Ukiwa nchi nyingine, namna ya kumpima mwandishi haibadiliki, lakini masharti yenyewe uyaulize kwa wakili wa huko.

Mambo mawili tuyaweke sawa kwanza, kwa sababu huwatisha waandishi. Barua ya tabia si cheti cha tabia njema kinachotolewa na polisi; hicho kinaonyesha rekodi ya jinai, hii inamwonyesha mtu. Pia haimfanyi mwandishi kuwa mdhamini wa fedha. Marekani ina fomu ya I-864, ambayo anayeisaini hujifunga kisheria kumtegemeza mhamiaji kwa kipato chake. Nimeona watu wema wakikataa kuandika barua kwa kudhani ni kitu kimoja. Mweleze mapema unayemwomba kwamba hadaiwi chochote isipokuwa ukweli.

Jalada lako linauliza nini?

Huwezi kulinganisha waandishi kabla ya kujua swali wanalokwenda kulijibu. Anayeomba uraia wa tajnisi Marekani hupimwa tabia yake ya miaka 5 kabla ya ombi, au miaka 3 ikiwa anaomba kwa njia ya ndoa na raia. Asiye na doa lolote mara nyingi hahitaji barua hata moja. Hata hivyo, mwongozo ambao USCIS, idara ya Marekani inayoamua maombi ya uraia na ukaazi, iliutoa Agosti 2025 unawataka maofisa watazame pia mazuri ya mwombaji: mchango wake katika jamii, anavyotunza familia, elimu yake, kazi halali na kodi anazolipa. Hapo barua zinaweza kupata kazi.

Aliye mbele ya jaji bila ukaazi wa kudumu, akiomba afutiwe kuondolewa nchini, anaulizwa mengine. Ni lazima aonyeshe kwamba amekuwa nchini mfululizo kwa miaka 10, kwamba muda huo wote alikuwa na tabia njema, na kwamba mke, mume, mzazi au mtoto wake aliye raia au mkaazi wa kudumu atapata shida kubwa kupita ile ambayo familia yoyote huipata mtu wake anapoondolewa. Aliyepewa ukaazi wa masharti wa miaka 2 kwa ndoa, na sasa anataka masharti yaondolewe, anaulizwa kama ndoa ni ya kweli. Naye aliye kizuizini akiomba dhamana, jaji anataka kujua kama atarudi mahakamani siku atakapoitwa na kama ni hatari kwa watu.

Ukishajua swali lako, mpime kila mwandishi kwa mambo manne: ameona nini kwa macho yake, neno lake litapewa uzito gani, barua yake inaweza kuleta madhara gani, na inamfaa mwombaji wa aina gani. Katika uamuzi wake wa mwaka 1978 uitwao Matter of Marin, Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ya Marekani ilitaja miongoni mwa mambo yanayomjenga mwombaji historia ya kazi, pamoja na viapo vya ndugu, marafiki na watu wa kuaminika wanaoiwakilisha jamii. Kwa hiyo wote wanne wana nafasi mezani.

Mwajiri au msimamizi wa kazi

*Ameona nini.* Amekuona saa nyingi kuliko karibu mtu yeyote nje ya nyumba yako. Anajua unafika saa ngapi, unashika funguo za nani, unafanyaje fedha inapopungua au mteja anapokutukana. Na ana kumbukumbu: tarehe ya kuajiriwa, cheo cha mwanzo na cha sasa, zamu ulizofanya.

*Uzito.* Ni mkubwa, kwa kuwa hana damu wala ndoa na wewe, na maneno yake yanaweza kulinganishwa na hati za mshahara na za kodi zilizomo katika jalada hilo hilo. Lakini uzito huo hupotea akiandika barua ya ofisini ya kawaida. Linganisha haya mawili. "Ni mfanyakazi mwaminifu, mchapakazi na mwenye ushirikiano." Halafu: "Machi 2022 alikuta ndani ya gari la kampuni bahasha ya mauzo ya siku nzima iliyoachwa na mwenzake. Alinipigia simu usiku ule ule, mimi mwenyewe nikiwa bado sijajua kuwa imepotea." La kwanza linaweza kuandikwa kuhusu mfanyakazi yeyote duniani. La pili ni la mtu mmoja.

Msimamizi wa karibu humzidi mkurugenzi. Ikibidi mkurugenzi asaini kwa sababu ya utaratibu wa kampuni, basi msimamizi aandike barua yake pembeni.

*Madhara.* Hapa simama ufikiri sana. Ikiwa ulifanya kazi bila kibali, barua ya mwajiri inaweka jambo hilo kwenye karatasi, likiwa na tarehe na sahihi. Marekani imekataza tangu 1986 kumwajiri mtu huku ukijua kuwa hana ruhusa ya kufanya kazi, hivyo barua inaweza kumgusa na mwajiri mwenyewe. Katika baadhi ya kesi mahakama inajua tayari na kazi hiyo ni sehemu ya maisha yanayoelezwa. Katika nyingine ni kujichongea. Uamuzi huo haumfai mtu kuufanya peke yake. Mwajiri asianze hata kuandika kabla wakili hajaulizwa. Angalia pia kwamba tarehe za mwajiri zinalingana na ulizojaza kwenye fomu. Miezi miwili ya tofauti inatosha kuzaa maswali.

*Anamfaa nani.* Mwenye kazi halali aliyodumu nayo, anayeomba uraia au dhamana. Kwa aliyebadilisha kazi kila miezi sita, atasaidia tu akiwa na jambo mahususi la kusimulia.

Kiongozi wa dini

*Ameona nini.* Inategemea ukubwa wa jumuiya na jinsi unavyoshiriki. Kuna imamu anayekujua kwa sababu mlipanga pamoja chakula cha wasiojiweza kila wiki kwa miaka minne, na kuna mchungaji wa waumini elfu mbili anayekujua kwa jina lililo kwenye orodha. Wote wawili watakuandikia kwenye karatasi yenye nembo na muhuri. Ni mmoja tu atakayekusaidia.

*Uzito.* Jamii inamheshimu, na ofisa analijua hilo. Uingereza hata imeandika hadhi hiyo katika masharti yake: anayeomba uraia huleta wadhamini wawili (watu wa kumshuhudia, si wa fedha) waliomfahamu kwa angalau miaka 3, na mmoja wao awe mtu wa taaluma inayotambulika, kiongozi wa dini amo katika orodha hiyo. Kwingine, uzito wake mkubwa zaidi uko pale mtu alipoanguka akainuka. Mwajiri hajui ulivyolia. Kiongozi wa dini anaweza kusema: najua alitiwa hatiani mwaka 2019 kwa kuendesha gari akiwa amelewa, aliniambia mwenyewe kabla sijasikia kwa mtu, na tangu mwezi fulani amehudhuria kikundi cha kuacha pombe kinachokutana katika ukumbi wetu. Barua ya namna hiyo siwezi kuifananisha na nyingine yoyote. Inaonyesha kwamba kosa halikufichwa.

*Madhara.* La kwanza ni barua ya mtindo mmoja. Ofisi nyingi za dini zina barua iliyo tayari ambayo hubadilishwa jina tu, na waumini watatu wa mahali pamoja wakipeleka kwa mwaka mmoja, mfanano huonekana. Katika uamuzi wa mwaka 2015, Matter of R-K-K-, Bodi ya Rufaa ilieleza namna jaji anavyoweza kuutumia mfanano wa maelezo kati ya kesi tofauti katika kupima ukweli wa mtu, baada ya kumpa nafasi ya kujieleza. La pili ni siri. Uliyomwambia kiongozi wako kwa faragha yabaki yenu mpaka wewe mwenyewe umruhusu kuyaandika, na umruhusu baada ya wakili kusema kwamba yanafaa kuandikwa. La tatu ni mwandishi kugeuka mhubiri. Aya tatu za maandiko na mstari mmoja kukuhusu wewe hazina msaada, hata zikitoka moyoni.

*Anamfaa nani.* Aliye na hukumu ya zamani au kipindi kibaya cha maisha, na aliyetumikia kweli katika jumuiya. Kama huhudhurii, usimwombe. Kumtaka mtu wa Mungu aseme asichokijua ni kumwingiza katika kosa lako.

Jirani au rafiki wa miaka mingi

Huyu ndiye anayedharauliwa kuliko wote, nami nadhani ndiye ambaye waombaji wengi wangemtafuta kwanza kama wangejua kazi yake.

*Ameona nini.* Amekuona usipojua kuwa unatazamwa. Anajua gari lako linawashwa saa ngapi alfajiri, nani anawapeleka watoto shuleni, kama nyumba yako ina ugomvi au ina amani, ulifanya nini siku mvua ilipoingiza maji chumbani kwa mzee wa ghorofa ya chini. Zaidi ya hapo, amekuona kwa *mfululizo*. Waajiri hubadilika, jumuiya za ibada hubadilika, lakini jirani wa miaka tisa anaweza kuzungumzia miaka yote tisa.

Mfululizo huo una maana kisheria. Mwaka 2019 Mwanasheria Mkuu wa Marekani aliamua katika Matter of Castillo-Perez kwamba kutiwa hatiani mara mbili au zaidi kwa kuendesha gari ukiwa umelewa, ndani ya kipindi kinachopimwa, kunaleta dhana kwamba mwombaji hana tabia njema, na kwamba juhudi za kujirekebisha baadaye peke yake haziiondoi dhana hiyo. Anayekabiliwa na hali kama hiyo anahitaji mtu wa kumwelezea kipindi kizima, na siyo miezi ya karibuni aliyokuwa anahudhuria kikundi.

*Uzito.* Hana damu na wewe, hapati mshahara kutokana na kubaki kwako, kwa hiyo hana sababu kubwa ya kupamba. Udhaifu wake ni kwamba ofisa hamjui. Hulazimika kujitambulisha vizuri: jina kamili, anwani, kazi yake, amekujuaje, tangu lini, mnaonana mara ngapi kwa wiki. Jirani aliye mwalimu, muuguzi au askari aseme hivyo mwanzoni kabisa. Kwa ombi la kuondoa masharti ya ndoa, maelekezo ya fomu I-751 yanataja hati za viapo za watu wasiopungua wawili waliowafahamu wanandoa wote wawili tangu ukaazi wa masharti ulipotolewa. Ndani yake kuwe na jina, anwani, tarehe na mahali pa kuzaliwa pa mwandishi, uhusiano wake nao, na namna alivyoyajua anayoyaeleza. Viapo hivyo huenda pamoja na ushahidi mwingine, havisimami peke yake.

*Madhara.* Rafiki hupenda mno. Anaandika kwamba hujawahi kuwa na tatizo lolote na sheria, kumbe jaladani kuna kukamatwa kwa mwaka 2017 ambako hukumwambia kwa aibu. Tangu sentensi hiyo, barua yake yote inasomwa kama ya mtu asiyekujua. Ukiona huwezi kumweleza mtu ukweli wa rekodi yako, huyo hayuko karibu nawe kiasi cha kukuandikia.

Jambo jingine ni zito zaidi, na linahusu usalama wake. Mara nyingi barua huambatana na nakala ya kitambulisho cha mwandishi na maelezo ya hadhi yake ya kuwapo nchini. Rafiki asiye na hati anayekupenda atakubali bila kufikiri. Fikiri wewe kwa niaba yake. Usipeleke jina na anwani ya mtu asiye na kinga mezani kwa serikali ili kesi yako ipate ukurasa mmoja zaidi.

*Anamfaa nani.* Karibu kila mtu aliyekaa mahali pamoja kwa muda mrefu, na wanandoa wanaothibitisha maisha ya pamoja. Hamsaidii sana aliyehama juzi.

Ndugu wa damu au wa ndoa

*Ameona nini.* Kila kitu. Hakuna anayekujua kumzidi.

*Uzito.* Kwa swali la tabia pekee, uzito hupungua, kwa kuwa ndugu ana maslahi katika matokeo. Mwaka 2010 Bodi ya Rufaa, katika kesi ya hifadhi, ilisema barua za ndugu na marafiki zilizoletwa hazikutosha kuthibitisha dai, kwa kuwa waandishi walikuwa na maslahi na hawangeweza kuhojiwa mahakamani. Uingereza imeenda mbali zaidi: mdhamini wa ombi la uraia haruhusiwi kuwa na undugu na mwombaji wala na mdhamini mwenzake.

Kwa swali la shida itakayoipata familia, mizani inageuka. Nani mwingine anajua kwamba mtoto mwenye pumu hulala tu baba yake akikaa kitandani kwake? Nani anajua dawa za mama mzee zinagharimu kiasi gani, zinalipwa na nani, na nani anambeba kumpeleka kliniki? Jirani anaweza kugusia. Ndugu anaweza kueleza usiku baada ya usiku. Wakili mzuri ataomba barua ya ndugu kwa kazi hiyo, ikiambatana na karatasi za hospitali na za shule.

*Madhara.* Machozi bila maelezo. "Tutaangamia asipokuwapo" ni kilio cha kweli, lakini ofisa hawezi kukipima. Mwambie dada yako aandike siku moja ya kawaida ya nyumba yenu tangu asubuhi hadi usiku, kisha aandike ni sehemu zipi za siku hiyo zitakazokosa mtu.

*Anamfaa nani.* Mwenye kesi inayohusu shida ya familia, na aliye kizuizini anayehitaji kuonyesha atakwenda kuishi wapi akiachiwa. Kwa uraia, mwache akuombee dua; barua aandike mwingine.

Barua ya kawaida, tamko au hati ya kiapo?

Ukishapata mtu, kunabaki umbo la karatasi. Barua ya kawaida yenye tarehe na sahihi ni rahisi na hutosha pale barua ni nyongeza tu. Tamko ni barua ile ile ikiwa na sentensi mwishoni kwamba mwandishi anathibitisha, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kuwa aliyoyaeleza ni kweli na sahihi, halafu tarehe na sahihi. Sheria ya shirikisho ya Marekani, kifungu kinachoandikwa 28 U.S.C. 1746, inalipa tamko la namna hiyo nguvu ya kiapo bila kwenda mbele ya mthibitishaji. Anayesaini akiwa nje ya Marekani huongeza kwamba anafanya hivyo chini ya sheria za Marekani. Hati ya kiapo husainiwa mbele ya ofisa mwenye mamlaka ya kuapisha, anayekagua kitambulisho na kugonga muhuri.

Kwa mwandishi anayeishi mbali au anayefanya kazi zamu mbili, tamko linamwondolea safari na kubakiza uzito. Hati ya kiapo nenda nayo pale fomu au wakili anapoitaka. Ila usimpe mtu karatasi ya kiapo asaini bila kumweleza: kuapa uongo Marekani ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 5, na Uingereza mdhamini anayetoa taarifa za uongo kwa makusudi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 5,000 au kufungwa hadi miezi 3. Mwombaji naye yumo hatarini. Anayejaribu kupata haki ya uhamiaji Marekani kwa udanganyifu wa makusudi anaweza kufungiwa mlango kwa maisha yake yote, isipokuwa apewe msamaha maalumu.

Kiswahili au Kiingereza?

Mwandishi aandike kwa lugha anayoota nayo. Barua ya Kiswahili safi iliyotafsiriwa vizuri inaizidi barua ya Kiingereza cha kuazima ambacho aliyesaini hawezi kukieleza akipigiwa simu. USCIS inataka tafsiri kamili ya Kiingereza ikiwa na uthibitisho wa mfasiri kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha hizo. Usitafsiri mwenyewe barua inayokusifu.

Mfasiri awe makini na mitego ya lugha yetu, kwani nimeona ikileta balaa. Tunamwita rafiki "ndugu yangu", jirani "mama", mzee wa mtaa "mjomba". Yakitafsiriwa neno kwa neno, ofisa anafungua fomu ambako umeorodhesha ndugu zako, anakuta kaka asiyemo kwenye orodha, na sasa una kesi ya udanganyifu isiyokuwapo. Barua iseme wazi: "namwita kaka kwa heshima, hatuna undugu wa damu." Ndivyo ilivyo kwa saa. "Huondoka saa kumi na moja alfajiri" ni saa tano kwa hesabu ya Kiingereza, na mfasiri anayekimbia huandika kumi na moja. Tarehe nazo: Marekani husoma 04/05/2024 kuwa tarehe 5 Aprili, kwa hiyo mwezi uandikwe kwa jina lake.

Ukirudi kwenye hali yako

Unaomba uraia na rekodi yako ni safi: muulize wakili kama barua zinahitajika hata kidogo. Zikihitajika, mwajiri mmoja na jirani mmoja wanatosha. Kwa Uingereza, anza na mwenye taaluma inayokubalika aliyekufahamu miaka 3, asiye ndugu yako wala wakili wako. Na mdhamini wa pili awe na pasipoti ya Uingereza, ama mwenye taaluma ama aliyezidi miaka 25.

Una kosa la zamani: tafuta mtu anayelijua kosa lako na anayeweza kulitaja bila kulipunguza. Mara nyingi ni kiongozi wa dini au msimamizi wa kikundi cha urekebishaji. Mwongezee mtu aliyekujua kabla, wakati na baada ya kosa hilo. Barua mbili kama hizo zinazidi kumi za watu waliokufahamu mwaka jana.

Uko mbele ya jaji na familia yako ndiyo inayotazamwa: ndugu aandike juu ya nyumba, mwalimu au jirani aandike anachokiona kwa watoto, mwajiri aandike kazi ikiwa wakili ameridhia. Wasionyeshane barua wala wasiketi kuandika pamoja.

Unaondoa masharti ya ndoa: waandishi wawe watu wanaowafahamu nyote wawili. Rafiki anayekujua wewe tu, ambaye hajawahi kuketi sebuleni kwenu mwenzako akiwapo, hafai hata kama ni rafiki wa utotoni.

Mpendwa wako yuko kizuizini: muda ni mfupi, kwa hiyo anza na wanaoweza kuandika leo. Ndugu atakayempokea ataje anwani na chumba kilipo, mwajiri aseme kama nafasi yake ya kazi ingalipo, na anayeweza kufika mahakamani aandike kwamba yuko tayari kufika, na namba ya simu ambayo ataipokea.

Na ukiwa umebaki na mtu mmoja tu, mpigie jioni hii. Mwambie ukweli wote wa kesi yako, mpe tarehe ya mwisho iliyo wiki moja kabla ya ile ya wakili, kisha mwachie karatasi aandike mwenyewe.